Daktari Aliyeanzia Jikoni

Sikumpenda. Niseme mapema, maana watu wa mtaani kwetu Makorora wakisikia kwamba nimekaa kumwandika watadhani ninamlilia. Nilimwonea wivu karibu miaka yangu yote ya kazi, na wivu huo, ninavyojijua, haujaisha hata sasa ninapoandika.

Jina lake silitaji, wala halihitajiki. Madaktari walikuwa wengi pale hospitalini, walikuja na kuhamishwa, na kila mmoja aliitwa Daktari Fulani. Yeye aliitwa Daktari, basi. Ukisema mjini "Daktari kasema hivi," hakuna aliyeuliza daktari yupi. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, wapo watakaoeleza. Mimi nilimjua kuanzia mlango wa wodi, na hapo ndipo nitakapoanzia.

Kazi yangu ilikuwa mashine ya moyo. Niliishia sekondari, kisha nikafundishwa kazi palepale: kumlaza mgonjwa chali, kumpaka jeli, kubandika waya kifuani, mikononi na miguuni, kumwambia asitikisike, na kusubiri karatasi itoke na vilima vyake. Karatasi ile inaonyesha umeme wa moyo. Moyo mzima una mstari wake, na moyo ulioziba mshipa una wake. Kuna kipande cha mstari ambacho kinatakiwa kulala, na mshipa ukiziba kinainuka. Hakuna aliyeniambia nijifunze kukitambua. Nilijifunza kwa kutazama na kulinganisha, mpaka madaktari vijana wakawa wananivuta pembeni. "Mzee, hii unaionaje?" Nilikuwa na heshima yangu ndogo, na yote ilikuwa ndani ya karatasi ile.

Daktari alipohamia kwetu, jambo la kwanza alilonifanyia ni kuipokea karatasi yangu, kusema ahsante, na kuilaza mezani kifudifudi.

"Huisomi, Daktari?" nikamuuliza.

"Nitaisoma. Nikiisoma sasa itanijaza maneno yake, na mgonjwa bado hajasema ya kwake."

Wauguzi walikuwa wamesimama pale. Nilijisikia kama mtu aliyepika wali akaambiwa weka pembeni kwanza tunywe maji. Na haikuwa siku ile tu. Alifanya hivyo kwa kila karatasi, kwa kila mgonjwa, hata aliyekuwa anahema kama samaki nchi kavu. Akanipachika na jina, Bwana Karatasi. "Bwana Karatasi, leo umeniletea nini?" Alilitamka kwa kicheko, na wodi nzima ikalichukua. Mke wangu alipolisikia alicheka mpaka akashika ukuta, akasema jina limenikaa. Nilicheka nao. Moyoni sikucheka.

Sasa tabia yake iliyomjulisha mjini. Daktari hakuanza na mgonjwa. Alianza na jikoni.

Mnajua hospitali zetu. Mgonjwa mmoja ana jamaa wa kujaza ukumbi, na jamaa hao wamekuja na vikapu, chupa za chai, mikeka na hotpoti za chakula. Madaktari wengine walipita katikati yao wakisema, "Pisheni, pisheni jamani." Yeye alichuchumaa. Alisalimia wazee, shikamoo kwa huyu, shikamoo kwa yule, hata kwa bibi aliyelingana naye umri, kisha akafunua hotpoti. Alifunua bila kuomba, akanusa, na mara nyingi akachovya kidole akaonja.

"Daktari, umekuja kutibu au kula?" wanawake walimchokoza.

"Vyote viwili, bibiye. Huu mchuzi mmeutia chumvi ya watu wangapi? Na huyu mgonjwa wenu alikula nini jana? Msinifiche, mimi si mkwe wala wifi, sigombezi mtu."

Wakamwambia. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba walimwambia. Mimi nilikuwa nimewapaka wagonjwa wao jeli, nimewafunika shuka vizuri, nimewaita mama na baba, na hakuna aliyenieleza kitu. Yeye alichuchumaa kidogo tu, na vikatoka vya nyumbani vyote: nani hanywi dawa zake, nani anakunywa za jirani, nani kapelekewa mizizi kutoka Maramba na kaificha chini ya mto. Kwa bibi wa Kidigo alitia maneno ya Kidigo, kwa Mbondei Kibondei, na alivunja lugha zote hizo vibaya, nao walimpenda kwa kuzivunja.

Nikiri kwamba katika kufunua huko aliona mambo ambayo karatasi yangu haikuyaona.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekaanga bajia Usagara, mama mnene, mcheshi, na siku ile hakuwa na ucheshi wowote. Aliletwa akiwa ameshika kifua, jasho linamtiririka. Nikampima. Mstari ulikuwa haukukaa sawa, umeinuka upande wa chini wa moyo. Nikampa Daktari karatasi huku nikisema, kwa sauti ya kusikika, "Moyo huo." Akailaza. Akatoka kwenda kwa mabinti wa yule mama, akafunua, akakuta pilau la arusi, la samli, na nyama ya mafuta mafuta. Akarudi, akamwambia avute pumzi, akambonyeza chini ya mbavu za kulia. Yule mama aliikata pumzi katikati na kumtukana tusi ambalo siwezi kuliandika.

"Ahsante, mama," akasema Daktari. "Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta."

"Watu wanasema moyo wangu umekufa, Daktari."

"Moyo wako mzima. Una jirani mgomvi tu, anaitwa nyongo, ana mawe ndani. Yeye anapigana, na moyo ndio unaopiga kelele."

Wakaitazama nyongo kwa picha, na mawe yalikuwamo. Walimpima damu tena na tena kuhakikisha moyo hauna jeraha, maana hakuwa mtu wa kubahatisha, na haukuwa nalo. Nikamuuliza baadaye, kwa ukali kidogo, ina maana mashine yangu ni ya uongo? Akanieleza, akanieleza vizuri, na hata hilo nililichukulia vibaya. Mashine haisemi uongo, alisema. Inasema kwamba umeme wa moyo umebadilika. Haisemi nani kaubadilisha. Mshipa ulioziba unaubadilisha, na ndio wa kuogopwa kwanza. Lakini nyongo inaweza, kongosho likiwaka linaweza, damu iliyoganda ikaenda kukaa kwenye mapafu inaweza, na damu ikivuja kichwani inaweza pia.

Hiyo ya kichwani tuliiona. Mwalimu wa shule ya msingi alianguka darasani akaletwa hajitambui. Mistari ya karatasi yake ilikuwa imegeuka kichwa chini, mirefu, ya kutisha, na sote tukasema moyo. Daktari akaenda kwa mke wa mwalimu. Hapakuwa na hotpoti, yule mama alikuja mikono mitupu, hata viatu hakuvaa.

"Mwanangu, kabla hajaanguka alilalamika nini?"

"Kichwa. Alisema kama kimepasuliwa kwa shoka. Wenzake wanasema alikishika hivi, akakaa, akaanguka."

Daktari akamshika mwalimu shingo, akajaribu kuikunja, haikukunjika. Akaagiza asipewe hata tone la dawa ya kulainisha damu. Alikuwa sahihi, picha ya kichwa ilionyesha. Na mwalimu alikufa. Kuwa sahihi hakukusaidia kitu. Ndugu walipiga kelele kwamba wamecheleweshewa dawa ya moyo, na mmoja alimkamata Daktari kola. Siku ya pili nilimkuta msibani, kakaa jamvini pamoja na waliomtukana, anakunywa kahawa chungu kikombe kwa kikombe. Yule aliyemkamata kola ndiye aliyekuwa akimmiminia. Nilikaa pembeni nikijiuliza ningekuwa mimi ningeenda. Jibu nilikuwa nalo.

Nisimfanye malaika, hakuwa. Alikuwa mkali kwa madaktari vijana kiasi cha kuwaliza. Alipenda viatu vyeusi vya kung'aa, na alikuwa akipiga magoti kuvipangusa mbele ya wagonjwa. Akishindwa bao alinuna, na asingekusemesha mpaka umpe mchezo mwingine. Yeye aliyewakataza watu wote mafuta na chumvi alikula mihogo ya kukaanga kila jioni pale njia panda, na pilipili yake, amesimama wima na baiskeli kaiegemeza kiunoni. Na hakuwahi kulala kwenye kitanda changu cha kupimia. Nilimwambia mara nyingi, Daktari, umri umeenda, njoo nikupime. "Unipime uniambie nini?" alisema. "Ninachokula nakijua."

Na alikosea. Hili nalikumbuka vizuri kuliko yote, na mnaweza kukisia kwa nini. Alikuja fundi seremala, kijana bado, tumbo la juu linamuuma. Karatasi yake ilikuwa ya mashaka tu, si mbaya. Daktari akamwona, akaonja ugali wake wa mhogo na pweza, akasema kiungulia, apewe dawa ya tumbo akae kidogo. Mimi sikuridhika. Sidanganyi, sikuridhika kwa sababu nilitaka kutoridhika. Nikampima tena baada ya muda, na mstari ulikuwa umeinuka waziwazi kama paa la nyumba. Moyo. Nilikimbia na karatasi ile ukumbi mzima. Kijana wa watu alikuwa anaweza kufa, na mimi miguu yangu ilikuwa myepesi kama ya mtu anayekwenda arusini.

Akaipokea. Safari ile aliisoma hapohapo. Akampa yule kijana dawa zinazotakiwa, akakaa naye mpaka hatari ilipopita, na seremala yupo mpaka leo, ndiye aliyenitengenezea mlango wa uani. Jioni Daktari akawaita madaktari wote, wauguzi, na mimi. Akasema, "Leo nimekosea. Niliupenda utaratibu wangu kuliko mgonjwa. Nilisikia pweza nikaacha kusikia kingine. Bwana Karatasi amerudia kipimo bila kuagizwa na mtu, na ndicho kilichotakiwa. Kila mwenye shaka arudie."

Watu wakanipigia makofi. Nilingoja furaha, haikuja. Nilikuwa nimengoja akosee miaka na miaka, nikidhani siku hiyo nitakuwa mkubwa kuliko yeye. Kumbe hata kukosea alijua kukosea. Walitoka pale wakimsifu yeye.

Sasa nifike kwa mke wangu.

Mke wangu ana watu wake Pemba, na presha ameishi nayo siku nyingi. Magoti yalikuwa yanamsumbua, akawa anakunywa vidonge vya maumivu kama karanga. Mimi niliona nikanyamaza, maana vilimpa nafuu. Baadaye tuliambiwa kwamba vidonge vile na ile presha vilikuwa vimezichosha figo zake taratibu, bila yeye kusikia lolote. Basi akashikwa na homa, akawa hali chakula. Shangazi yake akavuka maji kuja kumuuguza. Na mgonjwa asiyekula, kwetu huku, anapewa nini? Anapewa madafu. Ni baridi, ni matamu, yanasafisha, ndivyo tulivyolelewa. Shangazi aliamrisha, na mimi nilikata. Asubuhi dafu, adhuhuri dafu, jioni dafu. Nilikuwa nayanunua pale kona, nayakata mwenyewe uani kwa panga, najaza jagi na kumpelekea. Nilijisikia mume mwema.

Asubuhi moja akashindwa kuinuka. Miguu ilikuwa mizito, alisema, kama si yake, na kifua kimebana. Tukamkimbiza hospitali. Nikambandika waya mimi mwenyewe. Karatasi ikatoka, na mstari ulikuwa umeinuka. Niliogopa. Lakini chini ya hofu ile palikuwa na kitu kingine, uhakika. Nilijua ninachokiona. Daktari wa zamu, kijana mwenye bidii, alikiona hichohicho. Akasema mshipa umeziba, iandaliwe dawa ya kuyeyusha damu. Ni dawa kali. Ukimpa asiyeihitaji anaweza kuvuja damu mahali pasipozibika.

Ndipo Daktari akaingia. Nikampa karatasi. Akanitazama, akamtazama mke wangu, akailaza karatasi kifudifudi kama kawaida, akatoka nje kwa shangazi.

Niseme kilichokuwa moyoni mwangu dakika ile, kwa kuwa nimeamua kuandika. Mke wangu amelala pale, midomo imekauka, ananitafuta kwa macho. Na mimi nilikuwa naomba Daktari awe amekosea. Nilitaka karatasi yangu ishinde. Nilijua ikishinda mke wangu ana moyo uliokufa nusu, na bado nilitaka.

Namsikia nje.

"Shikamoo shangazi. Poleni. Mnampa nini huyu?"

"Marahaba, mwanangu. Hali kitu. Twampa madafu tu."

"Mangapi kwa siku?"

"Aa, hatuhesabu. Anywayo yote. Mumewe ndiye akataye, yule mle ndani, mwenye mashine."

Akarudi upesi, sijapata kumwona akitembea upesi vile. Akambonyeza mke wangu miguu, imevimba. Akamuuliza kuhusu mkojo, naye akasema tangu jana haukutoka wa maana. Akauliza vidonge, akaviona mkobani. Hapo ndipo akaigeuza karatasi, akamwita yule kijana na mimi pia.

"Tazameni mstari ulioinuka, sawa. Sasa tazameni na hivi vilele, vilivyochongoka kama mahema. Na hapa palivyopanuka. Dafu lina potasiamu nyingi. Figo nzima inaitoa, figo iliyochoka inaiacha ijae kwenye damu, na ikijaa inavuruga umeme wa moyo mpaka unajifanya mshipa umeziba. Ile dawa yenu iwekeni chini. Mpeni sindano ya kalsiamu sasa hivi, taratibu mshipani, halafu sukari na insulini. Damu ikimbizwe maabara, lakini tusiingoje."

Kisha akanigeukia. Nilidhani atanisema. Akasema tu, "Weka waya tena, utuonyeshe."

Nikaweka. Wakampa kalsiamu, na karatasi ikawa inatoka pole pole mikononi mwangu. Vilele vikapungua. Mstari uliokuwa umeinuka ukashuka, ukalala. Maabara ikathibitisha baadaye, na ikabidi asafishwe damu, na mpaka leo anaishi kwa masharti ya figo. Lakini anaishi. Ameketi uani ninapoandika, anachambua mchele, ananiuliza ninaandika nini siku nzima.

Mke wangu alimshukuru Daktari kwa njia anayoijua. Kila sikukuu, na Ijumaa nyingi tu katikati, alipika vitumbua, akafunika sahani kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, akanipa mimi nipeleke. "Mwambie ahsante. Mwambie sijasahau." Nilipeleka. Nilimkabidhi sahani na kusema, "Nyumbani wanakusalimu." Neno ahsante halikutoka. Nilirudi, akaniuliza, "Umemwambia?" Nikajibu, "Nimemwambia." Wageni wakija aliwasimulia: "Nilishakufa mie, Daktari akanirudisha. Mume wangu huyu ananikatia madafu, Daktari ananitapisha." Wanacheka. Nacheka nao. Nilikuwa na wivu kwamba maisha ya mke wangu yana mtu mwingine wa kushukuriwa, na kwamba katika hadithi hiyo mimi ndiye mwenye panga.

Daktari akastaafu, akahamia Maramba kwenye shamba lake la machungwa. Mimi nikastaafu baada yake. Miaka ikapita bila sahani.

Mwaka huu mke wangu akasikia kwamba Daktari hali yake si nzuri, kumbukumbu zinamtoka. Akaniita tukiwa wawili tu.

"Baba Saida, nenda Maramba."

"Kuna nini?"

"Ukamwambie ahsante."

"Si nilishamwambia?"

"Hukumwambia." Hakukasirika. Aliendelea kukunja kanga. "Miaka yote nakutuma najua hukumwambia. Ukirudi unakuwa na uso wa mtu aliyemeza mfupa. Mimi siwezi safari, siku za kliniki zinanibana. Nenda kabla hajaondoka. Nakuomba."

Nikaenda. Nilimkuta barazani kwake, kwenye kiti cha kamba, kakonda, kavaa kikoi na viatu vyeusi. Binti yake mkubwa alikuwa amekaa mlangoni anamenya muhogo.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, marahaba. Karibu." Alinitazama sana. "Wewe nakujua. Ulikuwa chumba cha mwisho, wa mashine."

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa unapima vizuri," akasema. "Waya zako zilikuwa hazichezi."

Niliketi kwenye kiti alichonionyesha. Kisha nikalisema lile neno nililotumwa, haraka, kama mtu anayevua nguo mtoni. "Daktari, nimekuja kukushukuru kwa mke wangu."

"Mkeo kafanyaje?"

"Uliokoa maisha yake. Ya madafu yale."

Akakunja uso, akatafuta. Nilimwona akitafuta kwa bidii, kwa adabu, kama mtu anayepapasa mifuko yote mbele ya anayemdai. "Madafu," akasema. "Sikumbuki, bwana. Nisamehe. Ilikuwaje?"

Binti yake akaacha kumenya, akaweka kisu. "Tusimulie, baba," akaniambia. "Anapenda kusimuliwa ya kazini, na sisi hatuyajui."

Basi nikawa nimekaa mbele ya mtu ambaye hakuikumbuka siku ile, siku ambayo nilikuwa nimemchukia kwayo miaka yote hiyo. Shangazi alishafariki. Yule daktari kijana sijui yuko mji gani. Mke wangu alikuwa kitandani, hakuona nani alitoka kwenda kwa shangazi. Ningeweza kusema chochote.

Nikasimulia. Homa, shangazi, panga langu uani, jagi. Miguu mizito. Karatasi ilivyoinuka, na dawa kali ilivyokuwa inaandaliwa. Nikafika pale nje, ukumbini, nikasita.

"Halafu?" akauliza. Alikuwa ameinama mbele.

"Halafu mtu akaenda kumuuliza shangazi anampa nini mgonjwa."

"Nani akaenda?"

Akangoja, kisha akasema kwa upole, "Lazima ulikuwa wewe. Ndiye mumewe, na karatasi unaijua. Mimi nilikuwa mtu wa haraka haraka."

Alinipa. Alinipa bila kujua, mbele ya shahidi, kitu nilichokitaka kuliko vyote.

"Hapana," nikasema. "Ulikuwa wewe, Daktari. Mimi nilisema moyo. Wewe ulitoka nje ukamwambia shikamoo, ukauliza, ukarudi mbio, ukasema iwekeni dawa chini. Wewe."

"Mimi?"

"Wewe."

Akamgeukia binti yake. "Umesikia? Mimi." Uso wake wote ulifunguka. Alicheka, akapiga goti lake kwa kiganja, akamwambia tena, "Nilitoka nje nikauliza!" Alikuwa anaisikia mara ya kwanza, mbichi kabisa, kama sifa za mtu anayempenda. Na mimi nikamwonea wivu palepale, kwa furaha ile.

"Anza tena," akasema. "Anzia kwa shangazi. Usiruke kitu."

Nikasogeza kiti, nikaanza tena.